Maana Rasmi ya Uduvi

Ilikuwapo nchi, na kwa kuwa ilikuwapo, ilikuwa na cheti cha kuthibitisha hivyo, kimetiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani Ikulu. Nchi hiyo haikupenda mambo ya kubahatisha. Kitu chochote ambacho maana yake haijaandikwa, ikapigwa muhuri na kuingizwa katika Daftari Kuu, kilihesabika kuwa hakipo. Mbuzi walikuwapo, maana yao ilipitishwa mwaka wa pili wa uhuru. Mvua ilikuwapo. Upepo wa kusini ulikuwa bado unajadiliwa mwaka wa kumi na moja sasa, na katika kusubiri uliruhusiwa kuvuma kwa kibali cha muda.

Idara ya Maana za Viumbe vya Majini ilikaa katika jengo la ghorofa mbili lililoipa bahari mgongo. Humo alifanya kazi Siwatu Makame, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwosha chupa. Chupa zilikuwa elfu tatu na mia nne, kila moja na mnyama wake ndani ya spiriti, na kazi ya Siwatu ilikuwa kuzifuta vumbi, kuzijazia spiriti iliyopungua, na kubandika upya vibandiko vilivyobanduka. Shule aliiacha darasa la saba. Lakini mtu akifuta chupa moja mara mia, hatimaye husoma kilichoandikwa juu yake. Siwatu alivisoma vibandiko vyote, kisha akavisoma vitabu vya kabatini, na alipovimaliza akaanza taratibu kukagua kama vilisema kweli. Wataalamu walikuwa wakienda semina, hadubini zilibaki. Siwatu naye alibaki. Katika miaka kumi na tisa alijifunza jambo moja kubwa, kwamba kumjua mnyama ni kuhesabu miguu yake, na ukishamaliza, kuihesabu tena.

Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa hakuna aliyejua.

*

Kamba walipoadimika baharini, Serikali iliunda tume. Tume ilizunguka pwani yote. Iliona meli kubwa tisa zikikokota nyavu zenye upana wa kiwanja cha mpira, lakini meli hizo zilikuwa mbali, na boti ya tume ilikuwa na tatizo la injini, kwa hiyo tume ikaamua kuelekeza nguvu zake ufukweni, mahali pasipohitaji boti. Tusiwalaumu. Mtu huchunguza anapoweza kufika.

Ufukweni, kwenye kijiji cha Chumvini, tume iliwakuta wanawake kumi na mmoja wamesimama majini hadi kiunoni, wakitanda kwa mashuka. Kila shuka lilishikwa na wawili, mmoja huku na mmoja kule, wanaliburura polepole, kisha wanalinyanyua, na wa kumi na mmoja akishika vikapu. Ndani yake mna uduvi, wadogo, wengi, wanarukaruka kama mchele unaokaangwa. Tume ilitazama ndani ya vikapu na kuelewa mara moja kamba wamekwenda wapi. Hawa hapa, walisema, wanavuliwa kabla hawajakua.

Kisheria, kuvua kamba mchanga ilikuwa miaka saba. Wanawake wote kumi na mmoja walichukuliwa pamoja na vikapu vyao, wakawekwa katika chumba cha barafu cha Ofisi ya Ukaguzi wa Samaki, ambacho hakikuwahi kuona barafu tangu kijengwe. Mmoja wao alikuwa Mize Makame, dada yake Siwatu wa tumbo moja, aliyemlea Siwatu tangu mama yao alipofariki na kumsomesha kwa uduvi hao hao mpaka hilo darasa la saba.

Kesi haikuweza kuanza. Mwendesha mashtaka alipofungua Daftari Kuu alikuta maana ya kamba ipo, ila ya kamba mchanga haipo, na ya uduvi haipo kabisa. Hakimu akaagiza maana itafutwe, na watuhumiwa wakae ndani mpaka ipatikane. Watu waliokumbuka habari za upepo wa kusini walitikisa vichwa.

Siwatu alikwenda na sufuria la wali. Aliwakuta wamekaa sakafuni, na Bi Kazija, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi, alikuwa akisimulia alivyohojiwa.

"Wananiuliza umri wa uduvi," alisema. "Nikawaambia, wanangu, kwani mnataka kuwaoa?"

Wenzake walicheka, ila Mize hakucheka. Alimvuta mdogo wake pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Siwatu, wewe unashinda na hizo chupa. Huyu uduvi tunayemtanda, akikua anakuwa nini?"

"Hawi kitu, dada. Amekwisha kukua."

"Una hakika?"

Siwatu alifikiri kwanza, kama alivyozoea. Alikuwa amewaona wengi chini ya hadubini, lakini hakuwahi kuulizwa, na mtu asiyeulizwa hana haja ya kuwa na hakika. "Nipe siku nne," alisema.

"Chukua. Sisi hatuna safari."

*

Alichukua uduvi mia mbili kutoka kikapu cha ushahidi, kwa ruhusa ya mlinzi, aliyechukua wake kidogo pia. Aliwapanga kwenye sahani ya kioo na kuwatazama mmoja mmoja. Siku ya nne alikuwa na ukurasa mmoja, mwandiko wa mviringo, mistari kumi na miwili. Ulisema kwamba hii ni jenasi, yaani ukoo mmoja wa wanyama wanaofanana, wadogo, wa baharini, wenye umbo kama la kamba lakini si kamba. Mzima hufikia urefu wa punje mbili za mchele. Mwili wake ni mwangavu, hata chakula huonekana tumboni. Macho yake yako juu ya vikonyo. Mkiani mna vijiwe viwili vidogo mno, na kwa hivyo mnyama hujua ipi ni juu na ipi ni chini. Huogelea makundi kwa makundi. Akitishwa, huruka kinyumenyume. Na jike lake lina kifuko chini ya kifua, ambamo hulea watoto mpaka waweze kuogelea.

Mstari huo wa mwisho aliupigia mstari chini. Katika uduvi mia mbili, sabini na sita walikuwa na vifuko, na ndani ya vifuko mna watoto, macho yao kama nukta za kalamu. Mtu hahitaji kusoma sana kujua kwamba mtoto mchanga hana watoto.

Mkuu wa Idara alikuwa Profesa Mwinchande, mtu mpole, mwenye tai tatu ofisini na hofu ya kudumu. Alishangaa kidogo kwamba mwosha chupa ameandika maana, kisha akashangaa zaidi kwamba inasomeka. Siwatu alimwekea hadubini. Profesa aliinama, na kwa kuwa ilikuwa miaka mingi hajainama hapo, ilimchukua muda kukumbuka jicho gani hufumbwa. Halafu akamuona mama uduvi na watoto wake. Aliwahesabu watoto mara mbili.

"Ni kweli," alisema. "Ni nzuri mno hii. Itakwama."

Siwatu aliuliza itakwamia wapi.

"Popote. Haimtaji Mtukufu." Profesa alifunga mlango. "Sikiliza, bibi. Karatasi yenye jina la Mkuu wetu wa Nchi, Mtukufu Tondozi, hubebwa kwa mikono miwili. Isiyokuwa nalo hufungiwa maandazi. Mimi nimekula maandazi yaliyofungiwa maana ya pweza, niliyoiandika mwenyewe. Ile jenasi tuiite Tondozia, basi. Wiki mbili itakuwa imerudi na muhuri."

Siwatu aliwaza. Jina lilikuwa kibandiko tu. Miaka kumi na tisa alikuwa akibandua vibandiko na kubandika vingine, na hajaona mnyama aliyebadilika kwa sababu hiyo. Dada yake alikuwa amelala sakafuni. Akakubali, na akaandika Tondozia juu ya ukurasa, kwa mwandiko wake mzuri.

Hilo ndilo kosa alilolifanya, na ni la mtu anayeijua bahari kuliko anavyoijua Serikali.

*

Katika nchi hiyo palikuwa na kanuni moja ya kazi ambayo watumishi wote waliijua kwa moyo. Karatasi ikiingia ofisini haitoki bila kuongezewa neno, kwa kuwa ofisi isiyoongeza neno itaulizwa inafanya nini. Na hakuna ofisi iliyoruhusiwa kufuta neno la ofisi nyingine, kwa kuwa huo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo mtu asiyekubaliana na jambo hakulifuta. Aliliongezea mpaka likakubaliana naye.

Ukurasa wa Siwatu uliondoka Idarani umebebwa kwa mikono miwili, kama alivyosema Profesa.

Wizara ya Bahari, Mito na Madimbwi ndiyo ilikuwa ya kwanza. Waziri alisoma "hufikia urefu wa punje mbili za mchele" akaweka miwani chini. Haiwezekani, alisema, kiumbe chenye jina la Mtukufu kikawa kidogo. Makatibu wake walikaa kikao cha siku mbili, na baada ya neno mchele wakaongeza, "wa Kitaifa, ambao punje yake moja ni sawa na kiganja cha mtu mzima."

Wizara ya Ulinzi ilikwama kwenye kuruka kinyumenyume. Mkuu mmoja wa jeshi aliuliza kama ni adui ndiye aliyeandika. Wakaongeza, "kuelekea mbele." Walipoona makundi kwa makundi, wakaongeza, "kwa safu za watano watano, mguu wa kushoto ukitangulia."

Ofisi ya Mambo ya Siri haikupendezwa na mnyama ambaye mtu yeyote anaweza kuona alichokula. Iliongeza kwamba mwili ni mwangavu "isipokuwa kwa ndani."

Vijiwe vya mkiani viliwasumbua wengi. Ilionekana hatari kwamba kiumbe kama hicho kijue juu na chini kwa kutumia mkia. Ofisi ya Itifaki ndiyo iliyopata ufumbuzi, iliongeza kwamba vijiwe hivyo "huteuliwa na kichwa, na hutumikia kwa ridhaa yake." Macho juu ya vikonyo yakaongezewa kwamba yanaelekea Ikulu wakati wote, hata mnyama akigeuka.

Kifuko kilifika Wizara ya Maadili. Hapo karatasi ilikaa siku tisa. Katika ukurasa mzima, waliona, jike limetajwa, watoto wametajwa, dume halikutajwa hata mara moja. Palikuwa na mzee mmoja kwenye kamati yao aliyelia. Mwishowe waliongeza kwamba kifuko kipo, "lakini hubaki kitupu mpaka taratibu zote zitimizwe, nazo bado hazijatangazwa."

Wizara ya Utalii iliongeza kwamba hutabasamu. Wizara ya Elimu ilikumbuka kwamba ilikwisha kutangaza kuwa hakuna tena asiyejua kusoma kati ya wote waliomo nchini, ikaongeza kwamba anajua kusoma na kuandika, ila kwa unyenyekevu haonyeshi.

Ofisi zilikuwa thelathini na nne. Ukurasa ulirudi baada ya wiki saba ukiwa kurasa kumi na nne, una muhuri kila ukurasa, na wa mwisho una mihuri miwili.

*

Ilifanyika sherehe. Waziri wa Bahari, Mito na Madimbwi alisimama jukwaani na kusema kwa saa moja na robo. Mataifa mengine, alisema, yana simba, yana tai, yana wanyama wa kutisha wanaokula wengine. Sisi tumechagua kiumbe anayefikiri. Watu walipiga makofi. Bendi ilipiga. Kisha Waziri akafunga hotuba kwa jambo ambalo Siwatu, aliyesimama nyuma kabisa na kitambaa cha kufutia chupa mkononi, alilisikia vizuri mno.

"Na kuanzia leo," alisema Waziri, "yeyote atakayemvua, atakayemwanika, atakayempepeta au atakayemla Tondozia, atahesabika amemtendea hayo Mtukufu mwenyewe."

Jioni ile mwendesha mashtaka aliyafuta mashtaka ya kuvua kamba wachanga na kuandika mapya. Wanawake kumi na mmoja wa Chumvini walishtakiwa kwa kumvua, kumwanika na kumla mwenye jina la Mkuu wa Nchi, kwa nazi. Hayo ya nazi aliyaongeza mwenyewe, kwa kuwa karatasi ilipita mkononi mwake naye ni ofisi. Adhabu ilikuwa kifungo cha maisha.

Siwatu alikwenda kwenye chumba cha barafu bila sufuria. Alikaa sakafuni na kuwaeleza yote tangu mwanzo, hata pale alipoandika jina, na hakujitetea. Bi Kazija alisema kwamba yeye amekula uduvi miaka sitini, na kama wote wale walikuwa Mtukufu, basi ni ajabu hajawahi kuvimbiwa. Hakuna aliyecheka vizuri.

Siwatu alianza kulia. Mize alimtazama.

"Sasa wewe umekuja kulia au umekuja kufikiri?" alimuuliza. "Kama ni kulia, tumo kumi na mmoja, tunatosha. Hiyo karatasi ulisema ina kurasa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Umeisoma?"

Hakuwa ameisoma. Alikuwa amesikia hotuba tu. Katika nchi nzima hapakuwa na mtu aliyeisoma yote. Kila ofisi ilisoma mpaka ilipopata mahali pa kuongeza.

"Kaisome," alisema Mize. "Polepole, kama unavyokula."

Alikwenda kuisoma. Aliisoma siku tatu, akiwa na sahani ya uduvi upande mmoja na kurasa kumi na nne upande wa pili, kidole kimoja juu ya neno na jicho moja kwenye hadubini, vile vile alivyovikagua vitabu vya kabatini. Siku ya tatu aliiweka karatasi chini, akaosha chupa mbili ambazo hazikuwa chafu, akarudi akaisoma tena. Ilikuwa vile vile.

*

Siku ya kesi Profesa Mwinchande alipata homa ya ghafla. Mwendesha mashtaka alihitaji mtu wa Idara athibitishe kwamba walio kikapuni ndio Tondozia, jambo dogo tu la dakika moja, kwa hiyo Profesa akiwa kitandani alimtuma Siwatu. Hivyo ndivyo mdogo wake Mize alivyoingia mahakamani kama shahidi wa Serikali, na hadubini kwapani.

Hakimu Ngwali alikuwa mtu wa makamo aliyeogopa makosa ya pande zote mbili. Alimtaka shahidi ajibu kwa ufupi.

"Hawa waliomo humu kikapuni," aliuliza mwendesha mashtaka, "ni Tondozia?"

"Sijui bado, bwana," alisema Siwatu. "Naomba nimlinganishe na maana yake. Ndiyo kazi ya Idara."

Hakuna aliyeweza kusema kwamba kulinganisha si kazi ya Idara. Siwatu alimweka uduvi mmoja kwenye sahani ya kioo, akafungua ukurasa wa kwanza, na kwa sauti yake ndogo iliyolazimisha chumba kizima kinyamaze, akasoma kwamba mzima hufikia urefu wa punje mbili za mchele wa Kitaifa, yaani viganja viwili. Aliomba karani wa mahakama apime. Karani alipima. Uduvi alikuwa na urefu wa ukucha wake wa kidole kidogo, na karani alikuwa amekata kucha.

"Inawezekana ni mchanga," alisema mwendesha mashtaka.

"Inawezekana, bwana. Tuendelee."

Aliendelea. Alimwalika hakimu kwenye hadubini, kwa kuwa maana ilisema mwili hauonyeshi ya ndani, na hakimu aliona kwa jicho lake chakula tumboni, cha kijani. Alimwaga uduvi walio hai, waliochotwa alfajiri ile kwa kibali cha mahakama, katika beseni la maji ya bahari, akawatisha kwa kalamu. Waliruka kinyumenyume, wote, kuelekea nyuma. Mahakama ilisubiri kuona kama kuna hata mmoja atakayekwenda mbele. Alisubiriwa kwa muda wa haki. Safu za watano watano hazikuonekana. Beseni liligeuzwa mara nne ili kuona kama macho yataelekea Ikulu, na kila lilipogeuzwa, macho yalielekea popote yalipopelekwa na beseni. Kuhusu tabasamu, hakimu alitazama kwa muda mrefu, akasema hawezi kuapa.

"Akipewa kalamu je?" aliuliza Bi Kazija kutoka kizimbani. "Maana huyo msomi."

Aliambiwa anyamaze, akanyamaza.

Mwendesha mashtaka alikuwa ameanza kutoka jasho. Aliinua sauti. "Kwa hiyo wewe, shahidi, unaiambia mahakama kwamba maana iliyopigwa mihuri na ofisi thelathini na nne ina makosa?"

Hapo ndipo watu waliposhika pumzi, kwa kuwa walikuwapo watu waliowahi kujibu ndiyo kwa swali kama hilo, wakapotea wasionekane tena. Mize alikamata ubao wa kizimba. Siwatu alilifikiria swali kwanza, kama alivyozoea, na alilijibu bila haraka.

"Hapana, bwana. Maana haina kosa hata moja. Mnyama ndiye aliyepungukiwa."

Hakimu Ngwali aliandika hayo neno kwa neno. Yalikuwa maneno ambayo mtu anaweza kuyaandika na bado akaenda nyumbani.

Mwendesha mashtaka aliomba basi kurudi kwenye mashtaka ya mwanzo. Kama si Tondozia, alisema, ni kamba wachanga, na ni miaka saba. Siwatu hakubishana naye. Alibadilisha sahani, akaweka mmoja wa wale walio hai, akarekebisha hadubini, akasogea pembeni. Hakimu aliinama. Humo aliona jike na kifuko chake, na ndani ya kifuko watoto tisa wakitikisa mikia, bila kusubiri taratibu kutangazwa. Hakimu alikuwa baba wa watano. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelegea kidogo.

"Huyu si mchanga," alisema. "Huyu ni mama wa watu." Akakaa, akafungua Daftari Kuu, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. "Si kamba mchanga, kwa kuwa ana watoto. Si Tondozia, kwa kuwa Tondozia ni mambo mengine kabisa. Sasa, bibi, huyu ni nani?"

"Bado hajapewa maana, mheshimiwa."

"Hayumo daftarini?"

"Hayumo."

Hakimu alifunga daftari taratibu. Sheria ilikuwa wazi na hakuitunga yeye. Kisichokuwa na maana hakipo, na mahakama haina uwezo wa kumfunga mtu kwa kuvua kisichokuwapo, wala kwa kukianika, wala kwa kukila, kwa nazi au bila nazi. Aliwaachia wote kumi na mmoja. Mashuka yao yarudishwe, alisema, na vikapu pia, pamoja na vilivyomo, kama vimo.

*

Serikali haikukasirika. Ilipeleka meli kumtafuta Tondozia, yenye wapiga mbizi, mpiga picha, mwalimu wa kusoma na kuandika, na mkanda wa kupimia viganja viwili. Hadi leo meli hiyo iko baharini. Taarifa hufika kila mwezi kwamba amekaribia kuonekana.

Profesa Mwinchande alipona. Siku moja alimwita Siwatu ofisini, akafunga mlango, akamuuliza kama asingependa sasa kuandika maana ya uduvi, ile ya kweli, ya mistari kumi na miwili, bila jina la mtu. Alisema ingemletea Idara sifa, na hata yeye Siwatu angeweza kupandishwa kutoka mwosha chupa hadi mwosha chupa mwandamizi. Siwatu alimshukuru, akaomba apewe muda. Alisema kuna miguu ambayo hana hakika nayo. Itabidi aihesabu tena, na yeye hahesabu haraka.

Chumvini wanawake walirudi majini. Walitanda mbele ya Ofisi ya Ukaguzi wa Samaki, mchana, na wakaguzi waliwatazama wakiinua mashuka yaliyojaa kisichokuwapo, wakaandika katika vitabu vyao kwamba hawakuona kitu. Wakati wa kusi Mize alifungua meza sokoni. Siku ya kwanza aliyefika mapema kuliko wote alikuwa Waziri wa Bahari, Mito na Madimbwi, bila msafara, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Alizunguka meza mara mbili. Aliinamia lile rundo la uduvi wa rangi ya waridi, waliokauka vizuri, akavuta harufu, na kwa sauti ya mtu asiyeuliza chochote akauliza wale ni nini.

"Hawapo, mheshimiwa," alisema Mize, akachukua kopo. "Nikupimie mangapi?"